Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukagua pachi za riseti ya hadiwea kwenye keneli ya Linux

Hapa ni kwa wale wanaoanza kukagua pachi (mabadiliko ya kodi yanayopendekezwa) zinazogusa riseti, yaani kukirudisha kifaa kwenye hali yake ya mwanzo, iwe ni draiva ya kadi ya mtandao, SSD, skrini au kidude chochote kinachoendeshwa na keneli. Majina ya funksheni tumeyaacha kama yalivyo maana ndo utakayoyakuta kwenye kodi yenyewe.

Pachi ina mistari mitatu minne tu, sasa hapo kuna nini cha kukagua?

Hizo ndo za kuogopa. Pachi ya mistari mia tano kila mtu anaipa muda, hii ya mistari minne watu wanaipitisha huku wanafanya kitu kingine. Riseti inafuta karibu kila kitu ambacho draiva inaamini kuhusu kifaa, yaani anwani za foleni za DMA (njia ya kifaa kusoma na kuandika memori bila kupitia prosesa), intarapti (ishara za kifaa kwa prosesa) zilizowashwa, fimwea iliyopakiwa, vyote vinapotea kwa mpigo mmoja, na draiva isipoambiwa inaendelea kuongea na kifaa kama vile hakuna kilichotokea. Kwa hiyo ule mstari unaoandika biti ya riseti ndo mstari usio na shida kabisa, angalia kilichopo juu yake na kilichopo chini yake.

Chukua mfano huu, umbo lake utalikuta sana:

    writel(RST, base + CTRL);
    udelay(10);
    writel(0, base + CTRL);
    while (readl(base + STATUS) & BUSY)
            cpu_relax();

Inaonekana safi tu. Sasa isome taratibu. writel ya kwanza (writel inaandika rejista ya kifaa, readl inaisoma) haimaanishi kwamba kifaa kimeshapokea, maandishi yanayokwenda kwa kifaa cha PCI yanaweza kukaa njiani kwenye bafa huku prosesa imeshaendelea, kwa hiyo hizo maikrosekunde 10 unazihesabu upande wa prosesa wakati kifaa kinaweza kupokea maandishi yote mawili yakiwa yameongozana. Dawa yake ni kusoma rejista ya kifaa hichohicho baada ya kuandika, kabla ya kuanza kusubiri, na keneli imeandika wazi kwenye memory-barriers.txt kwamba readl lazima ikamilike kabla udelay inayofuata haijaanza. Ila usimwambie mtu aongeze readl kila mahali bila kufikiri, kuna chipu ambazo ukisoma rejista ya sehemu iliyoko ndani ya riseti au isiyo na kloki basi zima linaganda na mashine inakufa hapohapo. Uliza ile rejista ya CTRL inakaa wapi, ndani ya kifaa kinachorisetiwa au kwa kidhibiti cha pembeni.

Halafu ile while. Haina mwisho. Kifaa kisipoamka, prosesa moja imeshapotea. Na kuna ubaya zaidi, kifaa cha PCI kikitoka kwenye basi (kimechomolewa au kimekufa) kwenye mashine nyingi kusoma kunarudisha 0xFFFFFFFF, maana yake biti ya BUSY itaonekana imewaka milele. Sasa geuza, kama draiva ingekuwa inasubiri biti ya READY iwake, hizo ff zote zingeifanya ione kifaa kiko tayari wakati hakipo kabisa! Hili la pili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu halionekani. Tumia readl_poll_timeout, ipe muda, angalia inachorudisha, na kama ni PCI jikinge na hiyo thamani ya ff.

udelay, usleep_range au msleep, nimwambie atumie ipi?

Swali la kwanza ni hii funksheni inaitwa kutoka wapi. Kama kuna spinloki (loki ambayo anayeisubiri anazunguka bila kulala) imeshikwa au tuko ndani ya intarapti, kulala hakuruhusiwi, unabaki na udelay na readl_poll_timeout_atomic, zinazosubiri bila kulala. Kama kulala kunaruhusiwa, chini ya maikrosekunde 10 hivi udelay inatosha, kutoka hapo mpaka kama milisekunde 20 ni usleep_range, zaidi ya hapo msleep. Kuna fsleep pia, inachagua yenyewe kulingana na muda ulioipa. msleep(1) isikudanganye, inakwenda kwa mapigo ya taima ya keneli, na keneli yenye HZ=100 (mapigo 100 kwa sekunde) inaweza kulala hadi milisekunde 20. Kwa riseti hiyo kawaida haidhuru, kusubiri zaidi ni sawa, ila ikiwa kwenye njia inayopitwa kila kifaa kinapoamka watu wataihisi.

Mtu akibadilisha udelay kuwa msleep "ili kuokoa CPU" hapo ndo ufuatilie waitaji wote, wote kabisa, sio ule mmoja aliouonyesha kwenye maelezo. Mwitaji mmoja tu aliyeshika spinloki anatosha kuleta ile "BUG: scheduling while atomic", tena kwenye njia ya makosa ambayo hakuna mtu aliyeitesti.

Na ile namba yenyewe nitajuaje kama ni sahihi?

Muulize imetoka wapi. Ikiwa imetoka kwenye datashiti aandike sehemu gani ya datashiti, kwenye maoni ya kodi na sio kwenye maelezo ya komiti tu. Kama ameipata kwa kujaribu (na chipu nyingi hazina nyaraka zinazofikika, hilo tunalijua) aseme hivyohivyo na aseme alijaribu kwenye toleo gani la chipu. "Kwangu 5 ilifanya kazi" ni taarifa halali, mradi imeandikwa.

Pachi inayopunguza muda inataka ushahidi mkubwa kuliko inayouongeza. Anayetaka kubuti haraka anaona milisekunde 100 za bure, kumbe kwa PCIe zile 100 zimetoka kwenye spesifikesheni, ndo muda kifaa kinaopewa kumaliza FLR, yaani riseti ya funksheni moja ya kifaa.

Kabla ya kuriseti draiva inatakiwa izime nini na nini?

Chochote kinachoweza kugusa kifaa au memori iliyokabidhiwa kifaa. Kwa kawaida: isimamishe kazi mpya zisiingie, izime intarapti kwenye kifaa, iite synchronize_irq ili kama kuna kishughulikiaji kinakimbia kwenye prosesa nyingine kimalize, ifute taima, ifute kazi zilizoko kwenye foleni, isimamishe DMA. Mpangilio una maana yake. Ukifuta taima halafu ndo unazima intarapti, na kishughulikiaji cha intarapti ndo kinachowasha taima, basi taima imefufuka mgongoni kwako.

DMA ndo ya kutolea macho zaidi. Kifaa kinachoendelea kuandika kwenye memori ambayo draiva imeshaiachia kinaharibu data ya mtu mwingine kabisa, na kosa litajitokeza kwingine, pengine kwenye mfumo wa mafaili, dakika kadhaa baadaye, na hakuna atakayeshuku kadi ya mtandao. Kwa hiyo memori ya foleni iachiwe baada ya kuhakikisha kifaa kimetulia, sio kabla. Kwenye PCI keneli yenyewe inaita pci_wait_for_pending_transaction kabla ya FLR, lakini hiyo inasubiri tu miamala iliyokwisha kuanza, haizuii draiva yako kuanzisha mingine.

Watu wanasema riseti ndo inayoongoza kwa dedloki (pande mbili kusubiriana milele). Kivipi?

Kwa sababu riseti mara nyingi inaanzishwa na kifaa kugoma, na kugoma kunagunduliwa mahali pabaya. Kadi ya mtandao ndo mfano wa siku zote. Pakiti hazitoki, mlinzi wa keneli anasubiri (kwa kawaida sekunde 5 kama draiva haikuweka muda wake), anaita ndo_tx_timeout. Hapo hairuhusiwi kulala, kwa hiyo draiva inapanga kazi kwenye foleni ili riseti ifanyike baadaye, na ile kazi ikianza inachukua rtnl_lock (loki kuu ya mipangilio ya mtandao) maana itafunga na kufungua kadi. Mpaka hapo sawa. Sasa mtumiaji naye wakati huohuo anazima kadi, njia ya kuzima inakuja ikiwa imeshashika rtnl_lock, na ndani yake kuna cancel_work_sync inayosubiri ile kazi ya riseti iishe. Kazi inasubiri loki, mwenye loki anasubiri kazi. Baada ya hapo kila amri inayogusa mtandao kwenye mashine hiyo inaganda, na hung_task (sehemu ya keneli inayogundua kazi zilizoganda) inaanza kulalamika kwenye logi baada ya sekunde 120.

Kwa hiyo ukiona cancel_work_sync mpya kwenye pachi, orodhesha loki zote zilizoshikwa pale, halafu nenda ndani ya ile kazi uone inachukua zipi. Na angalia kama kazi ya riseti inaweza kujiita yenyewe, yaani riseti ikishindwa inaita njia ya kusafisha ambayo nayo inaita cancel_work_sync ya kazi ileile. Inajisubiri yenyewe, hiyo haitoki.

PCI ina mtego unaofanana. pci_reset_function inachukua loki ya kifaa. Ukiiita kutoka probe au remove (funksheni za draiva za kukipokea na kukiachia kifaa), ambako loki hiyo imeshashikwa tayari, umejifungia. Kuna pci_reset_function_locked kwa ajili hiyo, na kuna pci_try_reset_function kwa asiyetaka kusubiri.

Pachi inabadilisha exclusive kuwa shared "ili warning iondoke". Niipitishe?

Bado. Kwenye mfumo wa vidhibiti vya riseti (ule wa drivers/reset, uliingia kwenye Linux 3.10 mwaka 2013) laini ya riseti inaweza kuwa ya draiva moja au ikagawanywa. Draiva mbili zikiiomba laini moja na mojawapo imeiomba kama exclusive, ya pili inarudishiwa -EBUSY pamoja na warning kwenye logi. Kugeuza kuwa shared kweli kunanyamazisha, lakini maana ya kodi yote inabadilika. Kwa laini iliyogawanywa keneli inahesabu, laini inaachiliwa wa kwanza anapoita deassert (kuitoa kwenye riseti) na inafungwa tena pale tu wote waliofanya hivyo wakishaita assert (kuirudisha kwenye riseti). Kwa hiyo reset_control_assert yako inaweza kurudisha 0 na kifaa kisirisetiwe hata kidogo, mwenzako bado anaitumia.

Sasa soma draiva upya ukiwa na hilo kichwani: je kuna sehemu inategemea rejista zirudi kwenye thamani za mwanzo baada ya assert na deassert? Kama ipo, shared haifai. Na kama draiva inatumia riseti kujitoa kwenye hali ya kukwama, haifai kabisa, maana kufanikiwa kwake kutategemea jirani yupo au hayupo. Pia huwezi kuchanganya reset_control_reset na assert/deassert kwenye laini iliyogawanywa, chagua mtindo mmoja.

Ile optional nayo iangalie. Laini isipokuwepo unapata NULL, na funksheni zote zikipewa NULL zinarudisha 0 kimyakimya. Ni nzuri kwa bodi ambazo kweli hazina hiyo laini. Ila mtu akiweka optional kwa sababu "bodi yangu ilikuwa inagoma kubuti", ameficha kosa la device tree (faili linaloieleza keneli hadiwea ya bodi).

GPIO ya riseti, 1 ni kuriseti au kuachia?

Kwenye gpiod (funksheni za keneli za GPIO, yaani pini za matumizi ya jumla) 1 maana yake riseti imewashwa, haijalishi umeme kwenye pini uko juu au chini. Kugeuza ni kazi ya device tree kupitia GPIO_ACTIVE_LOW. Ukiona draiva inaandika 0 ili kuriseti, kuna mtu alifidia device tree iliyoandikwa kinyume, na hapo usikimbilie kusema "rekebisha": device tree zilizokwisha kusambaa na bodi zinahesabika kama makubaliano, ukigeuza draiva leo bodi za jana zote zitabuti kifaa kikiwa ndani ya riseti moja kwa moja. Ni kero lakini ndo hivyo.

Kwa PCI kuna njia nyingi za kuriseti, mkaguzi ajue zipi?

Keneli ina orodha na inajaribu kwa mpangilio: njia maalum ya kifaa husika kama ipo, ACPI (njia inayotolewa na fimwea ya mashine), FLR, AF FLR ya vifaa vya zamani, kupitia umeme (D3hot kwenda D0, kama kifaa hakijaweka biti ya No_Soft_Reset), halafu basi zima. Tangu 5.15 unaweza kuona na kubadilisha mpangilio kupitia faili la reset_method kwenye sysfs (mafaili ya keneli chini ya /sys).

Riseti ya basi inamgonga kila aliyeko kwenye basi hilo, ndo maana keneli inakataa kuitumia kwa kifaa kimoja kama kina majirani. Pachi inayolegeza ukaguzi huo iombee maelezo marefu sana.

Pachi zinazoongeza kifaa kwenye orodha ya wasiotumia FLR ni za kawaida, kuna chipu kibao zinazotangaza kwamba zina FLR halafu ukiitumia zinaganda. Hapo angalia kitambulisho cha kifaa kisiwe kipana mno, na ulize itakayotumika badala yake ni ipi, kwa sababu wanaokabidhi vifaa kwa mashine pepe wanategemea riseti ifute data ya aliyetangulia. Ukiiondoa FLR na hakuna njia nyingine, hilo ni suala la usalama sasa.

Baada ya riseti nini kinatakiwa kirudi?

Kila kilichowekwa kwenye probe na kila kilichobadilishwa tangu hapo. Cha probe watu wanakikumbuka. Cha baadaye ndo kinasahaulika: MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) aliyoibadilisha mtumiaji, anwani ya MAC aliyoweka, vichujio vya multicast, VLAN, mwangaza wa skrini. Njia ya haraka ya kukagua ni kutafuta kila mahali draiva inapoandika rejista nje ya njia ya kuanzisha, kisha kuuliza moja moja, hii baada ya riseti nani anairudisha? Ikiwa jibu ni "mtumiaji ataiweka tena" hilo sio jibu.

Kwa PCI, pci_reset_function inahifadhi na kurudisha config space (rejista za mipangilio za PCI) na inaijulisha draiva kupitia reset_prepare na reset_done. Draiva ikiita pcie_flr moja kwa moja hayo yote ni juu yake.

Riseti ikishindwa draiva ifanye nini?

Ikubali kwamba kifaa kimekufa. Makosa mawili yanajirudia hapa. La kwanza ni kurudia bila kikomo, riseti inashindwa, inapanga riseti nyingine, logi inajaa na mashine inachechemea. La pili ni kurudisha kosa huku draiva ikiwa nusu imefungwa, foleni zimeshaachiwa lakini intarapti bado ziko, au kloki imewashwa na hakuna atakayeizima. Fuata kila goto mpaka mwisho wake. Draiva ya NVMe (ya SSD) ni nzuri kusoma kwa hili: kidhibiti kina hali zilizotajwa kwa majina, ikiwemo ya kuwa kwenye riseti na ya kufa, na kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine kunakaguliwa sehemu moja. Muda wa kusubiri nao unatoka kwenye kifaa chenyewe, rejista ya CAP ina TO inayohesabiwa kwa milisekunde 500, kwa hiyo kinaweza kudai mpaka sekunde 127.5. Draiva inayoweka sekunde 2 zake za kichwani badala ya kusoma hapo, irudishe.

Kwenye probe kuna riseti "isiyo na kazi", mtu anataka kuitoa. Sawa?

Isiyo na kazi kwenye mashine yake iliyowashwa kutoka baridi. Kwenye kdump (kuhifadhi memori baada ya keneli kufa) keneli mpya inaanza huku kifaa bado kinafanya kazi za keneli iliyokufa, foleni zake na yote, na riseti hiyo ndo inakituliza. Upande wa pili, kuna vifaa ambavyo kuviriseti kwenye probe ni kosa, mfano skrini ambayo butiloda imeshaiwasha na kuweka picha, ukiriseti inazima na kuwaka. Kwa hiyo pande zote mbili zina hoja, ila anayetoa ndo mwenye mzigo wa kueleza.

checkpatch imepita bila neno, inatosha?

Hapana. Hiyo inaangalia mtindo wa kuandika.

Sina hicho kifaa. Naweza kutoa Reviewed-by?

Unaweza, Reviewed-by inasema umeisoma na umeridhika nayo kiufundi, haisemi umeijaribu. Tested-by ndo usiiguse. Ukiwa umekagua loki na njia za makosa lakini namba za muda hukuweza kuzithibitisha, andika hivyo kwenye jibu lako, msimamizi anathamini sana hiyo kuliko tagi tupu.

Nimwombe mwandishi atesti nini?

Kwanza ajenge keneli yenye CONFIG_PROVE_LOCKING, CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, KASAN (kikaguzi cha makosa ya memori) na CONFIG_DMA_API_DEBUG. Halafu ariseti kifaa kikiwa na kazi, sio kikiwa kimelala, kwa PCI ni kuandika 1 kwenye faili la reset la kifaa kwenye sysfs, ndani ya kitanzi huku data inapita. Wakati kitanzi kinaendelea aondoe moduli, apeleke mashine usingizini na kuiamsha, azime na kuwasha interfesi. Na ailazimishe riseti ishindwe, hata kwa kubadilisha kodi kwa muda irudishe -ETIMEDOUT, maana njia hiyo kama haijawahi kukimbia hata mara moja uwezekano wa kuwa sahihi ni mdogo.

Akirudi na jibu kwamba ametesti "na inafanya kazi", muulize ni lipi kati ya hayo, na mwombe logi ya PROVE_LOCKING hata kama haina kitu.